Anayeanza Kuandika Programu Naye Ahifadhi Matoleo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika jarida letu la muhula huu, nami naipokea kwa mikono miwili. Nataka kusema juu ya jambo ambalo limekuwa mabishano katika Chama cha Kompyuta tangu shule ilipofunguliwa mwezi wa Julai, na ambalo halijaamuliwa mpaka sasa. Swali lenyewe ni hili: Je, mwanafunzi anayeanza kujifunza kuandika programu afundishwe kuhifadhi matoleo ya kazi yake tangu siku ya kwanza, au asubiri mpaka awe fundi? Wengi wa wenzangu husema asubiri. Mimi nasema asisubiri hata wiki moja.

Huenda msomaji asiye mwanachama akaona kwamba neno "toleo" halimhusu. Basi na tuelewane kwanza. Programu ni maandishi. Mtu huandika mistari ya amri katika lugha kama Python, ambayo ndiyo tunayojifunza chamani, na kompyuta huifuata mistari hiyo bila kuuliza sababu. Programu ya leo si ile ya jana, maana kila jioni mwandishi huongeza mistari, hufuta mingine, hugeuza jina hapa na tarakimu pale. Hali ya maandishi hayo katika saa fulani, ikishikwa na kuwekwa kando isiguswe tena, ndiyo tunayoiita toleo. Kuhifadhi matoleo ni kuwa na hali hizo zote zimepangwa kwa mfuatano, kila moja na maelezo yake, hata mtu aweze kurudi kwenye ile ya Jumanne iliyopita akitaka.

Sidhani kama yupo atakayepinga uzuri wa jambo hili. Tunabishana juu ya nani anayelihitaji.

Wapinzani wangu husema kwamba kichwa cha anayeanza kimekwisha jaa. Ana mizunguko ya kujifunza, ana masharti, ana orodha, na ana zile nafasi za mwanzoni mwa mstari ambazo katika Python zikikosewa huangusha kazi nzima. Ukimwongezea na hili, wasema, utamvunja moyo arudi kwenye mpira. Hoja hii ina uzito wala siidharau. Lakini naona wamelishika jambo kwa mkia. Fundi aliyezoea huandika akijua kila mstari wafanya nini. Akikosea, hukumbuka alipopita. Anayeanza hajui. Ana programu inayofanya kazi saa moja ya jioni, ataka kuongeza kitu kidogo tu, mathalan kuonyesha majina kwa mpangilio wa alfabeti, programu yakataa. Abadili mahali pengine kwa kubahatisha, yazidi kukataa. Abadili pa tatu. Kengele ya chakula inapolia hana programu ya zamani wala hana mpya, na asubuhi hawezi kusema ile ya kwanza ilikuwaje. Sasa niambieni, kati ya hawa wawili, ni yupi mwenye haja kubwa zaidi ya kurudi nyuma?

Tena kuna madhara mengine ambayo hayasemwi. Nimewaona wadogo zetu wa kidato cha pili ambao programu zao zafanya kazi, nao waogopa kuzigusa, kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye utelezi. Ukimwambia, "Ndugu yangu, jaribu kuifanya ihesabu wastani," hukujibu, "Kaka, niache, imekubali." Huyo hajifunzi tena. Amefika kwenye ukuta na ukuta huo ameujenga mwenyewe kwa woga. Mwenye toleo lililohifadhiwa hana sababu ya kuogopa, kwa kuwa lolote atakaloharibu laweza kurudishwa katika muda wa kupiga chafya. Kwa maoni yangu faida hii yazidi zote, na yamfaa zaidi mwanafunzi kuliko fundi, kwa sababu kazi ya mwanafunzi ni kujaribu.

Watu huniambia, "Lakini sisi twahifadhi. Twanakili folda." Naam, twanakili. Nenda maabara, ufungue kompyuta yoyote, utazame. Utakuta folda iitwayo "maktaba", na kando yake "maktaba mpya", kisha "maktaba mpya 2", kisha "maktaba mwisho", "maktaba mwisho kabisa", na "maktaba mwisho ya kweli usifute". Sitanii, majina haya yako kwenye kompyuta ya karibu na dirisha mpaka leo, na mwenyewe hawezi kukueleza tofauti ya "mwisho kabisa" na "mwisho ya kweli" mpaka afungue zote mbili na kuzisoma mstari kwa mstari. Nakala sita za aina hiyo zaongeza kazi badala ya kuipunguza.

Wengine husema tarehe ya faili itawaongoza. Hao hawajazitazama vizuri kompyuta zetu. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya mashine ikifa, na katika mashine zetu kadhaa imekwisha kufa, kila kukicha kompyuta huamka ikidhani ni tarehe moja ya Januari ya mwaka wa zamani uliokwisha pita. Faili iliyoandikwa jana huonekana kana kwamba iliandikwa sisi tukiwa darasa la kwanza. Wapo pia wanaotegemea kile kitufe cha kutendua, yaani kubonyeza Ctrl pamoja na Z. Kitufe hicho ni rafiki wa dakika tano. Ukifunga programu unayoandikia, au umeme ukikatika, aghalabu kumbukumbu yake yote hutoweka. Na juu ya umeme sina haja ya kueleza kitu. Sote hukaa bwenini gizani pamoja.

Nitoe mfano mmoja uliotokea kwa wenzetu wawili wa kidato cha tatu. Walikuwa na programu moja, ya kupanga zamu za usafi wa mabweni. Likizo ya Juni mmoja aliondoka nayo kwenye flashi, akaifanyia kazi nyumbani kwa mjomba wake mwenye kompyuta, akaongeza sehemu ya kuwaruka wagonjwa. Mwenziwe, ambaye nyumbani kwao si mbali, aliomba ruhusa akafanya kazi hapa maabara, akasahihisha hesabu ya majuma. Shule ilipofunguliwa wakabandika folda ya mmoja juu ya folda ya mwingine. Kompyuta ikauliza kama iondoe ya zamani iweke mpya, wakajibu ndiyo, na kazi ya majuma ikaenda zake. Hawakugombana, nawasifu kwa hilo, lakini ilirudiwa upya kwa siku nne za masomo ya usiku. Kama kila mmoja angalikuwa na matoleo yake, chombo kingaliziunganisha kazi zote mbili, na pale ambapo wote wawili waligusa mstari uleule kingalisimama na kuwauliza waamue wenyewe.

Chombo ninachokisema ni Git. Lakini wasomaji wasidhani kwamba haja hii ilianza nacho. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs, huko Marekani, alitengeneza kimoja cha vyombo vya kwanza vya kutunza matoleo ya programu, kilichoitwa SCCS. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta kingine, RCS. Kwa hiyo jambo hili limewashughulisha watu tangu kabla wazazi wa wengi wetu hawajajua kusoma. Git yenyewe ilianza Aprili 2005. Mwanzilishi wake ni Linus Torvalds, Mfini aliyeanza kazi ya Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21. Tangu 2002 watengenezaji wa Linux walikuwa wakitumia chombo cha kampuni moja kwa ruhusa ya bure. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa, naye akakaa chini kuandika chake. Alianza tarehe 3 Aprili, na kufikia tarehe 7 Git ilikuwa tayari ikihifadhi matoleo yake yenyewe. Siku nne! Julai ya mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano aitunze.

Wapinzani wangu wanayo silaha hapa, na kwa haki siwezi kuificha. Hunikumbusha kwamba Torvalds huyohuyo alikaa zaidi ya miaka 10, kuanzia 1991 mpaka 2002, bila chombo cha namna hii, na Linux ikakua vilevile. Ni kweli. Lakini tazama alifanya nini katika miaka hiyo. Kila alipofika mahali pazuri alitoa toleo lenye namba, akaliweka mahali ambapo kila mtu aweza kulichukua, na mabadiliko kati ya toleo na toleo yalitumwa kwa barua za kompyuta yakiwa yameandikwa mstari kwa mstari. Toleo la 0.01, la Septemba 1991, lapatikana hata leo. Basi mtu huyu alihifadhi matoleo tangu mwanzo kabisa. Alilokosa ni chombo cha kumrahisishia tu. Silaha waliyonishikia wao ndiyo inayonitetea mimi.

Jinsi Git inavyofanya kazi si jambo la ajabu kwa mtu aliyewahi kuiona leja ya mtunza stoo wetu. Gunia la maharage likitoka, yeye hafuti tarakimu ya jana aandike ya leo. Huandika mstari mpya chini yake, pamoja na tarehe na sababu. Mkaguzi akija mwezi wa nane aweza kujua tarehe 3 Machi stoo ilikuwa na magunia mangapi. Git huandika vivyo hivyo. Kila toleo hupewa jina la herufi na tarakimu ambazo kwa kawaida ni 40, zilizokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani. Ukigeuza nukta moja jina lote hubadilika. Na ndani ya kila toleo limeandikwa jina la toleo lililolitangulia. Kwa hiyo hata saa ya kompyuta iseme uongo namna gani, mfuatano haupotei, maana mtoto humtaja mzazi wake. Tena faili isiyobadilika hainakiliwi upya kila mara, hivyo matoleo 100 hayajazi diski kama zinavyojaza folda 100.

Na sasa lile linaloulizwa sana hapa shuleni: intaneti. Wengi wamechanganya Git na GitHub. GitHub ni tovuti iliyofunguliwa mwaka 2008, ambayo kampuni ya Microsoft iliinunua mwaka 2018. Ni mahali pa kuwekea kazi ili wengine waione. Git ni programu iliyomo ndani ya mashine yako, na yafanya kazi bila ya intaneti hata chembe. Siku zote ambazo mtandao wetu hapa huwa umelala, nayo huwa macho. Kwa amri ya kutengeneza nakala unaweza kuihamisha kazi yako yote pamoja na historia yake nzima kwenye flashi, ukaenda nayo kwenye kompyuta nyingine, na kuendelea.

Muda je? Twapata dakika 40, watu watatu kwenye kompyuta moja, na yule wa tatu huwa amechungulia tu. Sikatai kwamba dakika ni chache. Lakini amri zenyewe ni mbili: ya kwanza, "git add", yachagua faili zipi ziingie, ya pili, "git commit", yaweka toleo na kuomba maelezo. Kwa aliyekwisha zizoea haifiki nusu dakika. Linganisha hiyo na siku nne za wale wenzetu.

Nataka kukaa kidogo kwenye faida moja ambayo yanifurahisha kwa kuwa ina hesabu ndani yake. Tuseme una matoleo 100. Wajua la kwanza lilifanya kazi sawasawa, na la 100 lina kosa, lakini hujui kosa liliingia wapi. Ukijaribu moja baada ya jingine waweza kumaliza jioni nzima. Basi chukua la 50. Likiwa zima, kosa liliingia baada yake. Likiwa bovu, liliingia hapo au kabla yake. Nusu ya matoleo umekwisha kuitupa kwa jaribio moja. Chukua la katikati ya nusu iliyobaki, ufanye vivyo hivyo. Kwa majaribio yasiyozidi 7 utalishika toleo lenye hatia, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 7 ni 128, nayo yazidi 100. Matoleo 1,000 yatakutaka majaribio 10 tu, maana 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024. Git ina amri ya kukufanyia hesabu hiyo, "git bisect", nayo hukuchagulia la katikati kila mara. Wale wanaouliza somo la vipeo lina kazi gani katika maisha, jibu hilo hapo. Lakini angalia sharti lake: njia hii yawezekana tu ikiwa matoleo ni madogomadogo na mengi. Anayehifadhi mara moja kwa mwezi atalipata toleo lenye kosa, kisha atakuta ndani yake mistari 300 iliyobadilika, na atakuwa hajapata kitu.

Maelezo ya toleo ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Wengi huandika "nimebadilisha". Bila shaka umebadilisha. Usingalihifadhi kama hukubadilisha! Wengine huandika "sawa", au "ok", au herufi tatu walizozibonyeza bila kutazama. Mimi naona maelezo ni barua kwa mtu atakayekuja, na mara nyingi mtu huyo ni wewe mwenyewe baada ya likizo ya wiki nne, wakati kichwa chako kimejaa habari za nyumbani na hukumbuki kitu. Linganisha "nimebadilisha" na hii, niliyoikuta katika kazi ya mwenzangu mmoja: "Nimesahihisha hesabu ya siku za kuchelewesha kitabu, Jumapili zilikuwa zikihesabiwa na maktaba hufungwa Jumapili." Aliyeandika hivyo amekwisha nieleza alifanya nini na kwa nini, na sikuhitaji kumwita kutoka uwanjani.

Na yaandikwe kwa Kiswahili. Nasema hivi kwa kuwa baadhi yetu hudhani kwamba chombo cha Kizungu hukubali Kiingereza pekee. Git haijali. Yapokea lugha yoyote. Nimeona wanafunzi wenye akili nzuri wakiandika maneno matatu ya Kiingereza kilichopinda, yasiyo na maana, na hali wangaliweza kueleza jambo lote kwa Kiswahili safi katika mstari mmoja. Amri za kompyuta zina lugha yake, hilo halibadiliki, lakini maelezo ni mazungumzo ya mtu na mtu.

Jambo la majina pia laleta ugomvi, nami nilitaje kwa ufupi. Git huandika jina la mwenye toleo, ila huliamini jina lolote lililowekwa katika mashine. Katika kompyuta moja hapa, kila kazi yaonekana imefanywa na kaka mmoja aliyemaliza shule zamani, kwa sababu yeye ndiye aliyeweka jina lake kwa mashine nzima na hakuna aliyelibadilisha. Jina liwekwe kwa kila mradi peke yake, na wanaoshirikiana kompyuta wakubaliane. Hapo ndipo siku ya kuonyesha kazi itajulikana nani aliandika nini. Nashuku kwamba wapo wachache ambao hawaipendi Git kwa sababu hiyo hasa, lakini sitawataja, nao wajijue.

Mtu asidhani kwamba nasema chombo hiki hakina upungufu. Hutunza vizuri maandishi matupu. Ukiweka humo picha, au waraka wa Word, au jedwali la Excel, kitahifadhi, lakini kwa kawaida hakitaweza kukuonyesha mstari gani umebadilika. Zaidi ya hayo, historia yote hukaa ndani ya folda moja iliyofichwa, humohumo kwenye kazi yako. Folda nzima ikifutwa, au diski ikifa, au kirusi kikaingia kwa flashi ya mtu, vyote huenda pamoja. Matoleo si nakala ya akiba. Vitu hivi viwili huchanganywa hata na wakubwa. Mwaka 1998, katika kampuni ya Pixar huko Marekani, filamu ya Toy Story 2 ikiwa inatengenezwa, amri moja ilifuta sehemu kubwa ya mafaili yake. Walipokwenda kwenye nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa na nakala nyumbani kwake kwa kuwa alikuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Filamu ikatoka mwaka 1999. Kwetu sisi yatosha flashi mbili, moja ikae ofisini kwa mwalimu wa kompyuta, na kila Ijumaa nakala ipelekwe huko.

Na upande wa pili wa kutosahau ni huu: historia haisahau hata yale ambayo ungependa yasahauliwe. Ukiweka nywila ndani ya programu, ukahifadhi, kisha ukaifuta katika toleo linalofuata, bado imo katika lile la nyuma, na kila mwenye nakala aweza kuisoma. Katika programu ya maktaba tunayo orodha ya wanafunzi na vitabu wanavyodaiwa. Orodha hiyo ni mali ya wenyewe. Isiingizwe katika matoleo kamwe, Git ina faili ya kuorodhesha vitu vya kurukwa, iitwayo ".gitignore", na yafaa iandikwe kabla ya kitu kingine chochote. Atakayefundishwa hili akiwa kidato cha kwanza hatalitenda kosa hilo akiwa ameajiriwa, mahali ambapo orodha itakuwa ya wagonjwa au ya wateja wa benki.

Katika somo la hesabu mwalimu wetu hukataza ufutio. Ukikosea, husema, piga mstari mmoja juu ya kosa ili aone ulikokuwa ukielekea, maana mara nyingine njia ilikuwa sahihi na ni tarakimu tu iliyoteleza. Hakuna anayesema kwamba sheria hiyo ni ya maprofesa na kwamba kidato cha kwanza wasubiri. Tunafundishwa siku ya kwanza, tukiwa hatujajua hata kutatua mlinganyo. Sioni kwa nini programu iwe na sheria tofauti.

Basi haya ndiyo ninayopendekeza kwa chama. Somo la kwanza la mwanachama mpya liwe la saa moja: aandike programu ya mistari mitano, aweke toleo, aiharibu kwa makusudi, kisha airudishe. Hilo la kuharibu kwa makusudi lisirukwe, kwa kuwa ndilo litakalomtoa woga. Asifundishwe matawi wala mambo ya kuunganisha mpaka apate mwenza wa kufanya naye kazi. Kazi za chama zinazopewa maksi zitazamwe na historia yake pia, maksi chache tu, mathalan 5 katika 50, na zitolewe kwa maelezo yanayoeleweka, si kwa wingi wa matoleo. La sivyo tutaona watu wakihifadhi kila nukta ili wapate maksi.

Sisi wa kidato cha nne tutaondoka baada ya mtihani wa Novemba. Programu ya maktaba tunawaachia kidato cha tatu, na Bwana Mkutubi ataendelea kuitumia Januari kama anavyoitumia sasa. Kosa likitokea humo Februari, sisi tutakuwa tumetawanyika kila mkoa, wala hapana namba ya simu itakayowasaidia kwa jambo tulilolisahau. Iko na matoleo yake yote tangu mistari kumi ya kwanza, katika flashi mbili, moja ya chama na moja ya maktaba. Lakini kazi nyingine tatu za chama hazina toleo hata moja: ya zamu za usafi, ya ratiba ya michezo, na ile ya kuhesabu sahani. Mkutano ni Alhamisi ya pili ya mwezi, maabara, baada ya chai ya saa kumi. Naomba wenye kazi hizo tatu waje na folda zao zote, hata zile za "mwisho kabisa", tukae tuzipange pamoja kabla ya kengele ya chakula. Wanaonipinga nao waje, au wamwandikie Bwana Mhariri mapema, maana kurasa za muhula ujao hufungwa upesi.